Neno la Kuoshea Vyombo

6 Februari

Dada yangu,

Kwa heshima zote, na baada ya kushauriana na wakubwa wa nyumba hii (yaani mke wangu), natangaza kifo cha kigoda cha karakana yangu ya viatu. Marehemu alihudumu miaka ishirini na miwili bila likizo, akabeba makalio ya kila cheo, na alivunjika juzi saa nne asubuhi chini ya kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja kujaribu kiatu akaondoka ameshika kiuno. Mabaki tuliyachemshia chai. Kinyozi hajambo, ila heshima yake bado inauguzwa.

Mimi sasa nakalia kiti cha kisasa, kilichokuja na maelezo ya kurasa kumi na mbili. Habari zake si za barua.

Sisi hatujambo. Wifi yako bado anafundisha darasa la kwanza, na akirudi nyumbani anaongea nami kama vile bado yuko darasani. Watoto wako kwenye kazi zao. Hawapigi simu, dalili kwamba wanakula.

Sasa wewe. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, na wa sita ulikuwa jina lako. Mwandiko nao umelala ubavu. Meli ilikuwa inayumba, au kuna jambo? Najua utasema hakuna. Lakini nimeuliza, na wifi yako ni shahidi.

Ndugu yako,
Kisigino

1 Machi

Mdogo wangu Kisigino,

Barua yako nimeipata kwa wakala wa meli, ikiwa na wiki mbili na doa la gundi. Nimesoma msiba wa kigoda. Pole. Mpe kinyozi pole mara mbili, maana yeye ndiye aliyeanguka.

Mwandiko ni meli tu.

Nina neno moja, nisikilize usiweke mzaha katikati. Juni nitafanya safari yangu ya mwisho. Nimekuwa dobi kwenye meli hii ya watalii miaka ishirini na saba, na kumi na moja kati ya hiyo nimekuwa dobi mkuu. Nimetosheka. Kampuni ina desturi: mfanyakazi anayestaafu huruhusiwa kumwalika ndugu mmoja safari ile ya mwisho, apewe chumba kama abiria, na usiku wa mwisho wakubwa wa meli huwasimamisha wote wawili mbele ya watu.

Nataka uje wewe. Utapanda ndege mpaka bandari tunayoanzia, tarehe tisa Juni.

Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuona ninapofanyia kazi. Siku mlipomzika Baba mimi nilikuwa katikati ya maji na shuka mia nane. Sikulalamika na silalamiki leo. Lakini nisingependa kuondoka huku pasiwe na mtu hata mmoja wa kusema, nilikuwako, nilimwona.

Nitumie shati lako zuri unalolivaa mara kwa mara, lililozoea mwili. Fundi cherehani wa meli atakushonea koti kwa kipimo hicho.

Halafu unijibu swali hili kwa ukweli: siku hizi unatembeaje?

Dada yako

24 Machi

Dada,

Wifi yako aliposoma barua yako alikwenda kufuta ubao usiokuwapo. Alirudi macho mekundu akasema nitakwenda, nikitaka nisitake. Nikamwambia nataka. Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu tumekubaliana kabla ya chakula.

Kwa hiyo nakuja. Pasipoti nimeiomba, kwenye picha nimetoka kama mtu anayetafutwa. Kinyozi amejitolea kuninyoa bure siku ya kuondoka, na nimeanza kujishonea viatu vipya vya ngozi ya kahawia, mshono wa mkono, kisigino cha tabaka tatu. Kinyozi anasema mimi ndiye fundi pekee mjini ambaye viatu vyake haviliki soli. Nimemwambia ni ubora wa kazi.

Swali lako: natembea kama kawaida yangu. Magongo yangu yanakusalimu. Miaka sita tangu nidondoke kutoka kwenye paa, na paa lenyewe ndilo lililokuja kubomoka. Mimi bado nipo.

Jana fomu ya shirika la ndege ilinikumbusha nyumbani kwa Baba. Unakumbuka alivyotuambia? “Mimi ni mwashi. Ukuta hauniulizi kama naweza.” Na neno “siwezi” lilikuwa haramu ndani ya nyumba ile. Aliyelitamka aliosha vyombo vya watu wote wiki nzima, awe mgonjwa, awe na mtihani. Wewe hukuosha hata siku moja. Mimi niliosha wiki moja tu, mara ile ya kubeba ndoo mbili, nikajifunza.

Basi fomu inauliza: Unaweza kupanda ngazi? Naweza. Unaweza kutembea mpaka kwenye kiti chako? Naweza. Nilijaza ukurasa mzima bila kuinua kalamu. Baba angeniwekea nyama.

Shati nimelituma, lile jeupe la mikono mirefu. Nimelifua na kulipiga pasi mwenyewe, kwa hiyo usilikague kidobi.

Kisigino

15 Aprili

Mdogo wangu,

Shati limefika. Nimeliona.

Koti litakuwa tayari. Mabega yako yamepanuka.

Nimekuombea chumba chenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, lenye kiti cha kuogea. Vyumba vya namna hiyo viko vinne tu kwenye meli nzima, nimepata kimoja. Kampuni pia ilinitaka nijaze fomu kuhusu mgeni wangu, ili waitume kwa shirika la ndege. Nimejaza nilichoona ni sawa. Usinikasirikie.

Msalimie wifi. Mwambie asiache kukusumbua.

Dada yako

8 Mei

Dada,

Sikukasirika. Nilivimba tu kidogo, kama chapati, na kupoa nikapoa.

Ilikuwa hivi. Mwanamke wa shirika la ndege alinipigia simu karakanani, ana sauti laini ya mtu anayekuja kuomba radhi. Akasema mbele yake kuna fomu mbili za mtu mmoja. Moja inasema abiria anapanda ngazi na kutembea mwenyewe. Ya pili, iliyotoka kwa kampuni ya meli, inasema abiria yuko kwenye kiti cha magurudumu, hapandi ngazi hata moja, aletewe gari la kumnyanyua mpaka mlango wa ndege. Akauliza kwa adabu afuate ipi.

Nikamwambia afuate ya mwenye miguu.

Kiti cha kuogea, Dada? Mimi? Mtu aliyekufundisha kuogelea? (Sawa, ulinifundisha wewe. Lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri.) Nashukuru kwa mlango mpana, mwembamba ungenikwaruza koti. Mengine waachie wagonjwa.

Wifi yako alisikia simu ile. Hajasema neno siku mbili sasa, na mwalimu wa darasa la kwanza akinyamaza siku mbili, ujue kuna mtu atasimama kona.

Viatu vimekwisha. Naviweka mezani jioni tunakula tunaviangalia. Tarehe tisa mchana nitakuwa bandarini. Simama mahali nitakapokuona.

Kisigino

9 Juni
(ujumbe uliopokelewa na ofisi ya meli, saa kumi alasiri)

NDEGE IMECHELEWA. ONDOKENI TU. NITAWAFUATA BANDARI YA PILI TAREHE 12. KISIGINO.

9 Juni
(ujumbe kutoka melini, saa kumi na moja)

NITASIMAMA MLANGONI. DADA.

29 Juni

Mdogo wangu,

Nimeshuka kwenye meli. Nipo kwa rafiki yangu wa zamani, mpishi mstaafu, nasubiri mizigo yangu. Kitanda hakiyumbi, na usingizi hauji kwa sababu hiyo hiyo.

Tulikuwa pamoja wiki nzima, tukacheka, na hatukuambiana kitu. Sisi tulilelewa hivyo. Sasa naandika, maana kwenye karatasi mtu hawezi kunikata kwa mzaha.

Kwanza, shati lako. Mwisho wa mikono, pale penye vifungo, ulikuwa na mistari myeusi kwa upande wa ndani. Ulifua vizuri, sikatai, lakini ile haitoki. Nimefua nguo za watu miaka ishirini na saba. Naijua rangi ya mpira wa gurudumu mtu anaposukuma kiti kwa mikono yake mwenyewe, kila siku, kwa miezi mingi. Barua yako ilikuwa inasema magongo na shati lako lilikuwa linasema kingine. Niliamini shati.

Ndiyo maana ya chumba, na ndiyo maana ya fomu. Na ule ubao wa kukunjia shuka ulioukuta umewekwa juu ya kizingiti cha chumba cha kufulia, ukashangaa umekatwa sawasawa na upana wa magurudumu yako, niliukatisha mwezi Aprili.

Pili, ndege. Abiria watatu walikuja na ndege ile ile tarehe tisa. Walipanda meli saa nane mchana, kwa wakati. Mmoja alileta mashuka yake yakiwa yamemwagikiwa chai kabla hatujang'oa nanga. Sikukuuliza, kwa sababu nilitaka uniambie.

Tatu ni langu. Nilikuandikia kwamba nimetosheka. Sikutosheka. Bega langu la kulia limekufa tangu Novemba. Mkono hauinuki kupita kidevu. Mwandiko ule haukuwa meli, nilikuwa najifunza kuandika kwa kushoto. Nilificha miezi miwili. Wasichana wangu walikuwa wananibebea marobota nikijifanya nahesabu. Siku moja robota lilimwangukia mmoja wao mguuni kwa sababu yangu. Nikapanda kwa mkuu wa wafanyakazi, nikalisema lile neno. Siwezi. Baada ya miaka yote hiyo lilitoka kwa sauti ndogo sana.

Sasa zamu yako.

Dada yako

17 Julai

Dada yangu,

Salamu kwanza, tusiwe kama watu wa mahakamani. Wifi yako hajambo. Kinyozi ameletewa kigoda kipya, akakikagua pande zote kabla ya kukikalia. Barua yako niliisoma mara tatu, na bega lako nimelilia mara moja, nimegeukia ukutani ili wateja wadhani natafuta sindano.

Haya, ukweli.

Ndege haikuchelewa. Mimi ndiye niliyeichelewesha, dakika kumi na mbili, kisha ikaondoka bila mimi.

Tangu mwaka jana sitembei zaidi ya hatua nane. Kile kiti cha kisasa chenye maelezo ya kurasa kumi na mbili ndicho hiki hiki ulichokiona. Uwanja wa ndege nilifika nacho mpaka chini ya ndege, maana siku ile ndege ilikuwa imesimama mbali, pale ambapo watu hupelekwa kwa basi na kupanda kwa ngazi. Mfanyakazi mwenye karatasi akaangalia kiti, akaangalia karatasi, akaniambia kwamba nimeandikwa napanda mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaniambia gari la kunyanyulia huagizwa mapema, na siku ile halikuagizwa. Nikasema sikuliomba.

Wakachukua kiti kukipakia. Nikabaki na magongo na ngazi. Nilizihesabu: kumi na tisa. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vipya, nimenyolewa, na abiria wote wako juu tayari, nyuso zimejaa kwenye vidirisha.

Nilipanda tatu. Ya nne, mguu ukaanza kutetemeka kama cherehani. Nikashika chuma. Yule kijana mwenye karatasi akaja nyuma yangu akauliza taratibu, “Baba, unaweza au huwezi?”

“Naweza.”

Akangoja. Akauliza tena, nikajibu vile vile. Wafanyakazi wanne wakasogea, wakasema wakubaliwe tu watanibeba, dakika moja imekwisha. Ningesema neno moja ningekuwa angani nakunywa juisi. Nikasema naweza. Rubani akatoka mlangoni akaniangalia kutoka juu, mtu mpole, ana mvi. Mara ya nne nilisema naweza huku nimekumbatia chuma kwa mikono miwili, na gongo moja limeshaanguka chini linabingirika. Walinishusha ngazi zile tatu kwa heshima kubwa, wakanirudishia kiti na begi langu. Nikaitazama ndege inaondoka na nafasi yangu dirishani ikiwa tupu.

Ule ujumbe wa kusema ndege imechelewa niliuandika nikiwa bado sijakauka jasho, na tiketi ya kuwafuata sina. Uongo mwingine hauhitaji hata kufikiriwa.

Wifi yako alikuwa hajaondoka ukumbini. Alinunua chai mbili, akakaa. Nilikuwa tayari kwa hotuba. Alikunywa yake yote kwanza, ndipo akasema, “Dada yako ameomba mtu mmoja tu wa kumwona. Umemnyima kwa ajili ya neno ambalo aliyelikataza ameshakufa.”

Nilijisukuma mpaka kaunta, na nyuma ya kaunta, kumbe, ni ile sauti laini ya kwenye simu. Alinitambua nilipotaja jina. Hakuniambia “nilikwambia,” na hapo ndipo nilipojua ni mtu mzima kuliko mimi. Akasema anaweza kunihamishia kwenye ndege ya kesho kutwa inayokwenda bandari ya pili, lakini lazima fomu ijazwe upya, akatoa moja na kuanza kunisomea.

Unaweza kupanda ngazi?

Dada, nilitazama nyuma kama Baba yuko kwenye foleni.

“Siwezi.”

Unaweza kutembea mpaka kwenye kiti chako?

“Siwezi.”

La pili lilitoka kwa urahisi zaidi. Unaweza kukaa wima mwenyewe? Naweza. Unaweza kula mwenyewe? Nikasema naweza, na cha jirani pia. Alicheka, na wifi yako nyuma yangu akacheka, na mimi nikajikuta nimecheka, mtu niliyekuwa nimepanga kufa kwa aibu jioni ile.

Tarehe kumi na moja nilipanda ndege kwa fahari kuliko wengine wote. Lile gari lina chumba kinachoinuka chenyewe, taratibu, mpaka mlango wa ndege. Uwanja mzima ulikuwa chini yangu. Niliingia wa kwanza, kabla ya wenye tiketi za mbele, nikahamishiwa kwenye kile kiti chembamba kinachopita katikati ya viti kama mkate unaingia tanuri, nikafungwa mkanda, nikawatazama wengine wanahangaika na mabegi yao.

Mengine uliyaona, lakini hukuyaona kwa macho yangu, kwa hiyo nakuandikia.

Nilikuona umesimama mlango wa meli, sare nyeupe. Hukuangalia kiti. Uliangalia mikono ya shati langu ukasema, “Hilo nitalifua mwenyewe.” Nilidhani ni salamu za kidobi tu. Ulinipeleka chini kabisa, mahali pasipo na dirisha hata moja, joto kama la jikoni, mashine zinanguruma, na ulipoingia wasichana kumi na wanne waliacha pasi wakasimama. Hakuna aliyewaamuru. Nikapita juu ya ule ubao nikaona marobota ya shuka yamepangwa sawasawa, kona kwa kona, kama tofali za Baba. Nikajiambia, kumbe mwashi wa pili ndani ya ukoo wetu ni huyu.

Na usiku ule wa mwisho, walipoita jina lako, nilikataa kusukumwa. Hiyo naweza. Nilijisukuma mpaka mbele, nimevaa lile koti, limenikaa kama ngozi, na watu mia tisa wakakupigia makofi wamesimama. Uliweka mkono wa kushoto begani kwangu. Sikujiuliza kwa nini si wa kulia. Nilikuwa na kazi ya kujivuna, na ile kazi haichanganyiki na nyingine. Nilikuwako, Dada. Nilikuona. Nimemwambia kinyozi, nimewaambia wateja, na asiye na kiatu kibovu namsimamisha barabarani nikamwambia.

Sasa hukumu. Wifi yako amekaa kama hakimu. Mimi nililisema mara mbili: wiki mbili za vyombo. Wewe mara moja: wiki moja. Amesema hukumu haitolewi kwa barua, mkosaji afike mwenyewe, na chumba kile cha upande wa ua ameshakifagia. Mizigo yako ikifika, usiifungue huko. Ilete.

Sinki tumelishusha, linanifikia nikiwa nimekaa. Mimi nitaosha, wewe utakausha kwa mkono wa kushoto. Rafu ya juu mimi siifikii na wewe huifikii, kwa hiyo vikombe tutamwachia wifi yako, ambaye siku zote hizi hajalitamka lile neno hata mara moja, na ndiye aliyebeba kila kitu.

Ndugu yako,
Kisigino